Doa la Unyayoni

Stesheni kuu ilikuwa imefurika watu asubuhi ile kisigino cha kiatu cha dada mmoja kilipokatika. Akachechemea hadi kwenye kibanda cha fundi viatu karibu na lango, amevaa gauni la samawati lenye ukosi mweupe, kiatu kimoja mkononi.

"Kaka, nisaidie upesi. Nimebakiza dakika kumi niingie kazini."

Fundi aliinua kichwa, akamtazama kwa makini. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Si wewe wa kwenye vipaza sauti? 'Abiria wa treni ya kaskazini, jukwaa namba nne.' Miaka miwili nakusikia, leo ndiyo nakuona."

Alicheka bila kutaka. "Na umeonaje?"

"Sauti ilikuwa inasema kweli."

Ndivyo walivyoanza. Chai ya mapumziko ikawa ya wawili, na simu zikawa hazikatiki.

"Leo umetangaza treni ya kusini kwa madaha, mpenzi. Nani alikuwa anasafiri?"

"Gonga misumari yako huko, usije ukajigonga kidole."

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, fundi alitaka kumshonea viatu kwa mkono wake. Alimkalisha kwenye kigoda, akaushika mguu wa kulia kuupima, akaugeuza, kisha akausogeza kwenye mwanga. Chini ya unyayo palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya harage, kingo zake zimekaa ovyo.

"Hili lina muda gani?"

"Sijui. Mwaka? Linakua polepole tu."

"Nyayo nimeziona nyingi, mama. Hili silipendi. Nenda kwa daktari."

Mtangazaji aliuvuta mguu wake. "Nimekuja kupimwa viatu au kukaguliwa?" Akavaa soksi, akaenda zake bila kuaga vizuri.

Lakini alikwenda hospitali. Daktari wa ngozi alikata kipande kidogo, akamweleza bila kuzunguka: huenda ni saratani ya ngozi, huenda siyo, majibu baada ya wiki mbili.

Kuanzia siku hiyo hakupokea simu za fundi. Alijiambia kwamba miezi minne ni michache mno kumtwika mtu mzigo wa namna hiyo. Fundi naye aliamini amemuudhi kwa kumtolea kasoro mwilini. Kila nusu saa aliisikia sauti yake juu ya kichwa, na kila alipompigia, simu iliita mpaka ikakata.

Siku ya tano sauti ilitangaza jukwaa la pili kwa treni iliyokuwa jukwaa la tano. Watu wakakimbia na mizigo, wakarudi wakilaumu. Fundi aliweka nyundo chini, akapanda ngazi hadi ghorofani, kwenye ofisi ya matangazo. Alimkuta kwenye benchi la ukumbini, mwenzake ameshika zamu.

"Kama nilikukosea, nisamehe," alisema. "Ila nambie."

"Hukunikosea. Wamekata kipande, wamekipeleka maabara. Zimebaki siku tisa. Silali. Chakula hakipiti. Nikifunga macho namwona daktari ananiita."

Fundi alikaa kando yake. Hakumwambia kwamba hana kitu, maana hakujua.

"Unaogopa saa ngapi?" aliuliza.

"Swali gani hilo? Kutwa nzima."

"Basi tuipe hofu saa yake. Saa kumi mpaka saa kumi na moja, tukae hapa, useme yote. Ikija saa mbili asubuhi, iambie isubiri zamu yake."

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Nimeyatunga kwenye ngazi."

Alitabasamu, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Wakaanza. Siku ya kwanza alilia saa nzima. Siku ya pili aliuliza nani angemtunza mama yake. Siku ya tatu aliuliza kama mtu aliyekatwa kidole cha mguu huchechemea, na fundi akamweleza jinsi ya kujaza kiatu kwa ndani, taratibu, kama anamweleza mteja. Hofu haikuondoka. Lakini ilijifunza kungoja kidogo, naye akaanza kula mchana. Siku ya saba maneno yaliisha saa kumi na nusu. Nusu saa iliyobaki wakabishana kama mtangazaji hukoroma akilala.

Siku ya majibu walikaa kwenye viti vya hospitali, mabega yamegusana. Fundi alikuwa amevaa shati jeupe, mikono ameisugua mpaka rangi ya viatu imebaki kwenye kucha tu.

"Nataka kukuuliza kitu kabla hujaitwa," alisema. "Nikiuliza baada ya majibu mabaya, utasema ni huruma. Nikiuliza baada ya majibu mazuri, utasema nilisubiri kwanza nione. Utakubali nikuoe?"

Mtangazaji alimgeukia. Muuguzi akafungua mlango, akamwita.

"Usiondoke," alisema, akaingia peke yake.

Alitoka baada ya robo saa, akaketi palepale.

"Ni saratani," alisema taratibu. "Ila ni nyembamba, haijazama ndani. Jumatatu watakata eneo pana zaidi, kisha nitakuwa nakaguliwa kila miezi mitatu. Daktari anasema tumewahi."

Fundi alivuta pumzi, akamshika mikono.

"Hukunijibu," alisema hatimaye.

"Ndiyo. Nilishaamua nikiwa mlangoni, kabla daktari hajafungua faili." Alijifuta macho kwa kiganja, akatoa simu, akabonyeza namba ya mama yake. Ilipopokelewa alisema, "Mama, nina habari mbili. Ya hospitali nitakwambia mwenyewe. Hii nyingine, kuna mtu hapa anataka kukuamkia."

Akamkabidhi fundi simu.