Jina la Arobaini na Moja

Aliyemwambia Wening kwanza ni wifi yake, Tutik, mshonaji wa kiwanda cha viatu pale Mojokerto, Indonesia. Alikuja na sare ya kazi mwilini, hata viatu hakuvua mlangoni, akamnyooshea simu.

"Wifi, kundini tuko wangapi?"

"Arobaini."

"Basi hesabu."

Kundi hilo la simuni lilikuwa la wanawake wanaowapenda wale waimbaji watano vijana wa Korea, ambao Wening alikuwa amebandika picha zao hadi kwenye pipa la mchele. Mwezi ule walikuwa wameacha kidogo kubishana nani mzuri zaidi, kwa sababu bunge lilikuwa na muswada wa kufuta mapumziko ya wajawazito viwandani. Kila magharibi walijiandikisha, kisha wote kwa pamoja wakarusha mtandaoni video za vijana wao wakicheza, na chini yake alama ya reli, hashtag, ya kuupinga muswada. Mtu akifungua kutazama kiuno cha mwimbaji, anakutana na sheria.

Kujiandikisha huko wenyewe wanakuita absen. Neno hilo kwao lina nyuso mbili: ni kutokuwepo, na ni lilo hilo la kujiorodhesha kwamba upo. Wening, msimamizi wa kundi, huandika "Absen!" na kila mmoja hunakili orodha, huongeza jina lake chini, huirudisha. Nani kaongeza jina gani, hakuna anayefuatilia.

Namba arobaini na moja ilikuwa Yayuk.

"Labda mtu anatania," Wening alisema.

"Utani gani huo? Yayuk tumemzika mwezi wa tatu. Mimi ndiye niliyemdaka alipoanguka kwenye mashine, na tumbo la miezi minane." Tutik alinusa hewa. "Wifi, humu ndani mnabandika soli? Mbona panatoa harufu ya gundi?"

Siku ya kwanza ya muswada, jina lile aliliandika Wening mwenyewe. Yayuk ndiye aliyeanzisha kundi. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi elfu sitini, na neno la siri alimwachia Wening. Naye Wening, ambaye kumwita muuza tofu barabarani tu humtoa jasho, akajikuta anasema kwa jina la marehemu na watu wanamsikiliza. Ikawa tamu. Akamworodhesha pamoja na wenzake, kama aliye hai. Lakini mara moja tu. Tangu siku hiyo hakuandika tena, wala leo.

Kesho yake magharibi muswada ulipita. Alama yao ya reli ilikuwa ya kwanza nchi nzima saa ile ile wabunge walipokuwa wakipiga makofi, na mmoja wao akipiga miayo. Haikutimia nusu saa kundi likarudi kwenye mambo yake.

"Jamani, albamu mpya Ijumaa!"

"Mmeona alivyopaka nywele rangi? Nalia mie!"

"Nami nalia," Tutik aliandika, "ila si kwa nywele."

Kisha, bila mtu kuita absen, orodha ikaja yenyewe. Ilikuwa na majina mawili tu. Arobaini na moja, Yayuk. Arobaini na mbili, Damar.

Damar alikuwa mwanawe Wening, wa miezi saba. Alikuwa amelala kwenye bembea ya kitambaa iliyoning'inia kwa springi katikati ya chumba. Wening aliinua macho. Harufu ya gundi ilikuwa imejaa hadi kooni, na ukutani kitu kilikuwa kinagonga taratibu kama sindano ya cherehani, tak, tak, tak, kisha haraka, kisha haraka zaidi, na springi ikaanza kupanda na kushuka ingawa hakuna mkono ulioigusa, na mtoto akafumbua macho akamchekea mtu aliyeinama juu yake, mtu ambaye Wening hakumwona, na kutoka kwenye kile kinywa kisicho na jino hata moja ikatoka sauti ya mwanamke mzima, mwanamke aliyechoka, anayehema: "Nipo."

Alimnyakua mtoto akakimbilia nyumba ya pili, kwa Mwalimu Mukminah anayewafundisha wanawake Kurani. Mwalimu alikuwa bado anachuruzika maji ya udhu. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Huyo si Yayuk," alisema kwa sauti ya chini. "Yayuk yuko kwa Mola wake. Hili ni jini limekuta kiti kitupu kimeandikwa jina. Yayuk alikufa na mtoto tumboni, sasa lililovaa jina lake linadai na mtoto."

"Nifanyeje, Mwalimu?"

"Nani aliandika kwamba yupo?"

"Mimi."

"Basi wewe uandike kwamba hayupo. Mbele ya wote uliowadanganya."

"Mama yake yumo kundini, Mwalimu."

"Na mwanao yumo katika orodha ipi?"

Aliandika, mtoto kifuani, Mwalimu akisoma pembeni. Alikiri ukurasa, alikiri orodha. Mwisho akamalizia kwa mkato, jinsi walivyozoea: Yayuk absen.

Gundi iliyomshika nguoni ikaacha kunuka. Kugonga kulikosikika kutoka nyumbani kwake kukakoma. Ndipo jibu la mama yake Yayuk likaingia: "Kumbe wewe. Kila magharibi nilikuwa nalisoma jina la mwanangu, nabusu simu." Akatoka kundini. Mmoja mmoja, wengine wakamfuata.

Wa mwisho kuandika alikuwa Tutik. "Wifi, umeandika nini? Absen? Mbona umemworodhesha upya?"

Alfajiri Wening alipika uji wa mchele, nusu mweupe, nusu mwekundu wa sukari guru, kama wafanyavyo kwa mtoto aliyelemewa na jina lake. Alimpakata mwanawe mkekani, akamvua jina la Damar na kumwita Slamet, yaani salama. Mtoto akageuka, akacheka. Cheko lake mwenyewe. Wening akalia kwa furaha.

Tutik, aliyekuwa hajaambiwa jina jipya, alipita akienda zamu, akaita kutoka barazani kama kila asubuhi: "Damar! Damar wa shangazi, upo?"

Slamet alinyamaza mapajani, ananyonya kidole.

"Nipo," kikajibu kitambaa cha bembea kilichokuwa kitupu, na springi ikashuka polepole kwa uzito.

Wening hakugeuka. Alivuta sufuria, akapakua bakuli jingine la uji, akaenda kuliweka chini ya bembea, la yule aliyelivaa jina lililovuliwa.