Glasi ya Kwanza ya Asubuhi

Mama Maji aliuza maji ya kunywa mlangoni kwake. Kila asubuhi, kabla ya wateja kufika na madumu yao, alifungua bomba la tangi na kujaza glasi moja. Hiyo haikuuzwa. Ilikuwa ya mkwewe, aliyekuwa mjamzito.

"Kunywa, mwanangu. Mjukuu wangu asione kiu."

Bomba lile alililehemu mume wa Mama Maji, fundi bomba. Jamani, alivyojisifu! Mgeni hakupewa kiti kabla hajaonyeshwa bomba.

Asubuhi moja alifika mpimaji wa maji kutoka idara ya afya. Alikuwa akiwapitia wauzaji wote. Mama Maji akataka kuyamwaga maji ya mwanzo, ampe yaliyo bora.

"Usimwage, mama. Nataka hayo hayo yaliyolala ndani ya bomba. Nitachukua na yanayoingia kwenye tangi."

"Lakini maji yangu yanang'aa! Tena wateja wanayachemsha."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini yenye sumu hayaondoki, wala hayaonekani kwa macho. Tusubiri maabara."

Mpimaji aliporudi na majibu, aliomba kiti kwanza.

"Maji yanayoingia ni salama. Yaliyolala kwenye bomba yana madini ya risasi, kupita kiwango. Inatoka kwenye lehemu iliyounganishia bomba. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni."

Mama Maji aliiangalia glasi ya mkwewe. "Mimi ndiye niliyempa! Kwa mkono wangu!"

"Ulimpa kwa mapenzi, mama. Mpeleke kliniki leo, apimwe damu."

Fundi alichukua spana, akaling'oa bomba lake.

Mama Maji alifunga biashara. Alipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wateja, huku uso umemshuka. Wachache walinuna. Wengi walimshukuru kwa kusema ukweli.

Kliniki ilikuta risasi kidogo tu kwenye damu ya mkwewe. Nesi akaahidi kumfuatilia yeye na mtoto. Fundi alifunga bomba jipya lisilo na risasi, na safari hii yeye mwenyewe alimwita mpimaji. Maji yakapimwa tena. Yalikuwa salama.

Asubuhi ya kufungua biashara, Mama Maji alishika glasi. Hakuweza kufungua bomba. Mkwewe akaichukua glasi, akaijaza, akampa yeye.

"Leo anza wewe, mama. Halafu unipe na mimi."