Sukari ya Nyuki

Kila asubuhi kabla ya shule, Umurerwa alikoroga sukari na maji katika kibakuli, akaweka vijiti juu ili nyuki wasizame, kisha akakipeleka kwenye mzinga nyuma ya nyumba. Familia yake ilikuwa imerudi Giheke kutoka Bukavu baada ya vita, na kati ya mizinga sita ya babu ulikuwa umesalia huo mmoja tu. Mvua ya Aprili iliharibu maua yote. Bila sukari, nyuki wangekufa njaa.

Shida ni kwamba uji wa Umurerwa nao haukuwa na sukari. Siku ya kwanza aliiba kijiko kimoja. Kufikia siku ya nne nyuki walipewa maji matupu, na binti yetu alikwenda shule akijilamba midomo.

"Wamekunywa?" aliuliza baba yake, Rutayisire.

"Wamemaliza yote, Papa. Wanashukuru sana."

Jumamosi jua lilichomoza kidogo. Jirani yao Nyiraneza alikuwa akikamua ndizi mbivu za kutengenezea pombe. Nyuki wenye njaa wakaivamia juisi, wakamuuma na yeye. Nyiraneza alijifunika beseni kichwani, akakimbia bila kuona njia, akakanyaga maharage yake mwenyewe na kuugonga mlango wa Rutayisire kwa beseni.

"Papa Umurerwa, banyuki bako ni balafi!" alifoka, mdomo umemvimba. "Bamekula sukari kilo mbili, sasa banataka na juisi yangu! Choma ule muzinga leo!"

Rutayisire alifungua mzinga. Masega yalikuwa makavu.

"Kilo mbili, na hakuna kitu! Hawa ni wagonjwa," alisema kwa huzuni. "Umurerwa, leta kiberiti."

Umurerwa alikileta, lakini mkono ulikataa kukitoa. Aliona aibu, akaona na huruma.

"Papa, usibachome. Sukari nilikula miye."

Nyiraneza alicheka, akashika mdomo kwa maumivu, akacheka tena.

Tangu siku hiyo Umurerwa alikunywa uji mtupu, akawalisha nyuki mpaka mvua ilipokatika, na kila Jumamosi alimmenyea Nyiraneza ndizi. Mwezi wa sita mzinga ulinguruma kwa afya. Baba yake akamwita karibu.

"Mwanangu, kuiba sukari ni kosa. Lakini uongo wako ulikuwa mbaya zaidi. Ningewachoma nyuki wasio na hatia, tena nikijiona mwenye akili sana."