Kadi Iliyofungiwa Sandukuni

Kila asubuhi Chiriku ndiye aliyetangulia kuamka. Aliwasha moto, akabandika chai, kisha akachukua ufagio na kwenda kufagia maranda katika karakana ya baba yake, chumba cha mabati upande wa pili wa ua. Baba yake, fundi seremala, alifuata nyuma na kikombe mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Basi. Maneno ya siku nzima yalikuwa yamekwisha hapo. Yaliyobaki yalisemwa na randa na msumeno.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu alipokuwa mdogo mdomo wake haukuwa na breki. Mama alifariki miaka miwili iliyopita akijifungua, yeye na kichanga chake. Tangu hapo jina lilibaki, mazungumzo yakahama. Shuleni, wakati wa mapumziko, alikaa peke yake kwenye ngazi za darasa akiwatazama wenzake wakiruka kamba. Mwanzoni walimwita, "Njoo bwana, tumepungukiwa mmoja!" Baadaye wakachoka. Nani atakuita mara mia?

Mwezi uliopita nyumba ilipata mtu wa tatu. Dada yake mkubwa, mwenye mimba ya kwanza, alirudi kwa baba kungojea kujifungua, maana mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, akitoka leo haonekani mpaka wiki ya tatu. Chiriku alifurahi akidhani nyumba itachangamka. Kumbe dada naye alikuja na ukimya wake. Alishinda kitandani akitazama ukuta, mkono juu ya tumbo.

Siku ya Alhamisi Chiriku alimsindikiza kliniki ya hospitali. Mkunga mkuu wa pale alikuwa mama mnene mwenye miwani mikubwa kama vifuniko vya chupa, na mji mzima ulimwita Mama Miwani. Alisoma majibu ya picha ya tumbo. Akayasoma tena.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia dada. "Kondo la nyuma ni ile nyama inayomlisha mtoto tumboni. Kwa kawaida hukaa juu. Lako limekaa chini, mlangoni kabisa, mtoto hana pa kupita. Uchungu ukianza litabanduka, na damu itatoka nyingi mno. Kwa hiyo hakuna kujifungulia nyumbani. Jumatatu unalazwa, Jumanne daktari anakupasua. Na ukiona damu kabla ya hapo, hata tone, usingoje Jumatatu."

"Kupasuliwa?" Dada alikumbatia tumbo.

"Kupasuliwa. Mimi nimepasuliwa mara mbili, na bado nawakimbiza wajukuu kwa ufagio." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, msindikizaji, umetoa macho kama unafanya mtihani. Njoo usome kadi."

Chiriku akasoma yale maandishi ya wino mwekundu: Kondo limefunika njia. Asipimwe kwa mkono. Apasuliwe.

"Kwa nini asipimwe kwa mkono?" aliuliza.

"Umeuliza vizuri. Kidole kikilitoboa kondo, damu haishikiki. Anayempokea asipojua hilo, anaweza kumuua akidhani anamsaidia."

Walipofika nusu ya njia, dada alisimama kando ya ukuta wa ghala la saruji.

"Apa kwamba hutamwambia baba."

Chiriku alijua sababu. Kanisa lao lilikuwa na desturi yake. Mwanamke akiingia mwezi wa nane, kadi yake ya kliniki hupelekwa kanisani na kutiwa katika sanduku la mbao karibu na madhabahu, iwe ishara kwamba safari yake ameikabidhi kwa Mungu. Sanduku lina kufuli, na ufunguo hukaa na mzee wa kanisa. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida husimama Jumapili akatoa ushuhuda, akapigiwa makofi, akarudishiwa kadi yake. Aliyepasuliwa hurudishiwa ya kwake mlangoni, bila makofi. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba kupasuliwa ni upungufu wa imani. Wakubwa hawana haja ya kuandika. Wao hukohoa tu, na wadogo wakaelewa.

Kadi ya mama ilikuwa humo siku aliyofariki. Baba alikimbia kuufuata ufunguo, akaambiwa mwenye ufunguo amesafiri kwenda kwenye mkutano wa wazee. Baada ya mazishi wazee walikuja, wakasema ni mapenzi ya Mungu, wakanywa chai, wakaaga. Baba hakukanyaga tena kanisani.

"Baba akijua atakwenda kugombana nao," dada alisema. "Na mimi pale ndipo nilipobatizwa, ndipo nilipofungia ndoa. Nikipasuliwa watasema imani yangu ilikuwa ya midomoni."

"Lakini Mama Miwani amesema..."

"Nimesikia alichosema! Mwenye tumbo ni mimi. Apa kwa jina la Mungu, mdogo wangu. Sina mwingine."

Sina mwingine. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomshinda Chiriku. Ilikuwa siku nyingi mno hajaambiwa na mtu yeyote kwamba anahitajiwa. Akainua mkono, akaapa.

Kesho yake alitumwa kuipeleka kadi. Mzee wa kanisa alikuwa akipanga viti, ufunguo wa sanduku ukining'inia mfukoni mwake.

"Babu," Chiriku alijaribu, "kama mkunga ameandika jambo kubwa kwenye kadi, halafu kadi ikafungiwa..."

"Mkunga na aandike, sisi tutaomba," mzee alijibu akitabasamu. "Imani ya mtoto haiulizi maswali, binti."

Hakuisoma ile kadi. Aliitia sandukuni, akafunga, akaupiga ufunguo kofi dogo kama anayembembeleza mtoto alale.

Jumamosi mchana Chiriku alimkuta dada ameshika ukingo wa kitanda. Chini palikuwa na kitambaa chenye damu.

"Kamwite Mama Kengele," dada alinong'ona. "Si baba. Mama Kengele."

Mama Kengele alikuwa kiongozi wa akina mama wa maombi, na jina hilo lilitokana na sauti yake. Alikuja na wenzake wawili, wakafunga mlango, wakaanza kuimba. Baba aliinua kichwa karakanani. Mmoja wao akamwambia kupitia dirishani, "Ni uchungu tu, fundi. Mambo ya wanawake haya." Baba akarudi kwenye randa yake.

Chiriku alitumwa maji mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu aliona kitambaa kipya kimelowa chote. Alitoka, akachuchumaa nyuma ya nyumba na beseni tupu magotini. Ndani wanaimba, karakanani randa inakwenda, barabarani watu wanapita wakicheka. Katika watu wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyejua analojua yeye, ila dada, na dada alikuwa amechagua kunyamaza. Akisema, amevunja kiapo cha jina la Mungu na amempoteza dada. Asiposema, atampoteza vilevile.

Akalitua beseni, akaenda karakanani.

"Baba, acha randa."

Baba akaacha, kwa mshangao zaidi kuliko utii.

"Dada anatoka damu. Wanasema ni uchungu, si uchungu. Kondo limekaa mlangoni, mtoto hana pa kupita. Anatakiwa kupasuliwa."

"Nani kakwambia?"

"Mama Miwani. Ameandika kwenye kadi. Kadi iko sandukuni, baba. Mimi ndiye niliyeipeleka."

Chiriku alingoja kofi. Halikuja. Baba aliiweka randa mezani, kisha akasema polepole, "Kimbia kwa jirani. Mwambie alete gari lake la kubebea mbao, sasa hivi."

Mlangoni Mama Kengele alitanua mikono. "Fundi! Humu hawaingii wanaume!"

"Huyo nilimbeba akiwa na siku moja. Nitambeba na leo."

"Unakatiza maombi!"

"Msikatize. Ombeni njiani, gari lina nafasi."

Hospitalini walipokelewa na muuguzi kijana ambaye hawakuwahi kumwona. Chiriku alipenya nyuma ya machela mpaka chumbani.

"Kadi iko wapi?" muuguzi aliuliza.

"Kadi iko mikononi mwa Mungu," alijibu Mama Kengele, maana naye alipanda gari.

"Mungu hajanikabidhi," muuguzi akasema huku akivaa glavu. "Haya mama, lala chali, nikupime njia imefunguka kiasi gani."

Midomo ya dada ilikuwa imepauka kama chokaa. Alimkazia Chiriku macho.

"Usimpime kwa mkono!" Chiriku alipaza sauti mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Kondo limefunika njia. Asipimwe kwa mkono. Apasuliwe. Mama Miwani kaandika hivyo kwa wino mwekundu."

Mkono wenye glavu ulibaki hewani. "Una hakika?"

"Nimesoma mwenyewe."

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio. Daktari akaitwa, Mama Miwani akafuatwa kwake. Baba akachukuliwa kwenda kutoa damu. Machela ikasukumwa, milango miwili ikafunguka, ikajifunga, Chiriku akabaki kwenye benchi la ukumbini.

Mama Kengele alikuwa ameketi ncha ya pili. "Garini dada yako alisema uliapa kunyamaza, nawe ukavunja," alisema, safari hii kwa sauti ndogo, na ndogo ile iliuma kuliko kubwa. "Mtoto mdogo hivi." Akainuka, akaenda zake.

Chiriku hakuwahi kuwa peke yake namna ile. Watu walipita na ndoo, na mashuka, na funguo; kila mmoja alikuwa na mahali pa kwenda. Alihesabu vigae vya sakafu mpaka vikamchanganya, akaanza upya. Alijaribu kuomba akaona haya, akidhani aliyevunja kiapo hana ruhusa.

Hatimaye mlango ulifunguka. Mama Miwani alitoka na koti la hospitali juu ya nguo za nyumbani.

"Msichana," alisema. "Kilo mbili na nusu, na amekuja na ugomvi wake, hataki hata kufutwa uso. Mama yake amepoteza damu nyingi, lakini yuko hai. Wewe umempa daktari zile dakika tulizozihitaji."

Chiriku akaanza kulia. Mama Miwani akaketi karibu yake, benchi likalalamika.

"Nilimwapia dada kwa jina la Mungu," Chiriku alisema. "Sasa je?"

"Mwanangu, kiapo cha kumnyamazia mtu mpaka afe, Mungu hakukuomba, wala hakipokei. Mimi husali nikinawa mikono kabla ya kuingia pale ndani, na sijawahi kuona sala na sabuni vikigombana. Yapo mambo ya hospitali ambayo waumini wema hawakubaliani, na si kila linalowezekana ni halali kulifanya. Hayo ukikua utayapima kwa akili na kwa sala. Lakini mama na mtoto wanaweza kuokolewa, halafu tuwaache wafe ili sisi tuonekane tuna imani? Hiyo si imani, ni majivuno. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Leo hakikuumbua mtu, kwa sababu wewe ulisema."

Jioni mzee wa kanisa alifika. Aliwapa pole, akatoa ile kadi mfukoni, akasema suala la sanduku litaangaliwa katika kikao.

"Kikao cha lini?" baba aliuliza.

"Tutatangaza."

Baba akaipokea kadi. Wakubwa ndivyo walivyo: jambo likimuua mdogo, wao huliita suala.

Kesho yake Chiriku aliruhusiwa kumwona dada. Alisimama mbali, karibu na mlango, akingoja kufukuzwa. Dada alikuwa amelala ubavu, kichanga kikinyonya kwa pupa.

"Njoo," dada alisema. "Jana nilipokutazama, ulidhani nakukumbusha kiapo?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuomba useme. Mimi mdomo ulikuwa umegoma. Niliwaogopa watu kuliko kufa, mdogo wangu. Nisamehe nilivyokubebesha peke yako." Akasogeza shuka. "Keti hapa, umshike mwenzio."

Adhuhuri baba na Chiriku walirudi nyumbani kwa miguu. Walitembea kimya, kama kawaida yao, mpaka kwenye lile ghala la saruji. Hapo baba akapunguza mwendo.

"Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Mama yako alikuwa na upungufu wa damu. Kadi yake ilisema aongezewe kabla ya kujifungua. Ilifungiwa sandukuni, ni kweli. Lakini aliniambia yaliyoandikwa siku ileile aliyoipeleka. Niliyajua. Wazee walipokohoa, na mimi nikanyamaza, nikaona aibu kubishana na wakubwa. Miaka miwili nimemlaumu mwenye ufunguo, na nitaendelea kumlaumu, maana anastahili. Ila mimi sikufungiwa sandukuni. Nilikuwa nimesimama pale, na mdomo wangu."

Chiriku akamshika mkono, na baba hakuutoa.

"Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Waheshimu wakubwa, wasalimie, watii wanapokuongoza vyema. Lakini mkubwa akikwambia unyamaze, ukaona kunyamaza kwako kutamuumiza mtu, sema. Sema kwa adabu, lakini sema. Awe mzee wa kanisa, awe mwalimu, awe dada yako."

Akaubana mkono wa Chiriku.

"Hata akiwa mimi."