Sauti ya Ruti Mbele ya Itaka Nzima

“Zima! Osea, zima hiyo redio!”

Ruti alikuwa amekwisha kusimama katikati ya mkutano wa kijiji, kanga imemdondoka begani. Lakini sauti yake mwenyewe iliendelea kutoka kwenye redio ya kurekodi, pale mezani kwa mwenyekiti:

“...Marita si mdogo wangu. Ni mwanangu, nimemzaa mimi. Mama anamlea kama wake...”

Osea akabonyeza kitufe hiki, akabonyeza kile. Ilipozimika, kijiji kizima cha Itaka kilikuwa kimekwisha kusikia.

“Mungu wangu!” akapiga kelele mama yake Osea. “Huyu ndiye mkwe tuliyempelekea ng’ombe?”

Osea, mchumba wa Ruti, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Likizo ile alikuja na mwenzake Jenista kukusanya habari za uzazi katika vijiji vya ujamaa. Jenista ndiye aliyewahoji akina mama. Siku ya kuaga, Osea akaona awashukuru watu kwa kuwasikilizisha sauti zao, na kanda yenyewe hakuwa ameisikiliza.

Alimkuta Ruti nyuma ya vichanja vya kuanikia kahawa.

“Marita ni wa nani?”

“Umenianika mbele ya watu, sasa ndiyo unaniuliza pembeni?”

“Ruti, jina lako halikutajwa! Chuoni tumefundishwa, mtu asipotajwa jina hajulikani.”

“Hajulikani huko Dar es Salaam. Hapa hata kikohozi changu wanakijua!”

Osea akasema polepole:

“Lakini ulinificha.”

“Baba yake Marita alifukiwa mgodini Saza kabla hajaja kujitambulisha kwetu. Nilikuwa natafuta siku ya kukwambia. Siku yangu, kwa mdomo wangu. Umeninyang’anya.”

“Jenista ukamwambia, mimi ukaninyima?”

“Alisema ni mambo ya chuo. Nikafikiri chuo ni kama hospitali, ukishamweleza daktari hatoki nje kutangaza.”

Osea akaondoka bila kuaga. Ruti akajua ndiyo basi tena.

Jumapili, watu wakitoka ibadani, Osea akapiga hodi jikoni kwa kina Ruti, karatasi mkononi.

“Baba, umekuja na redio tena?” akauliza mama yake Ruti. “Maana mimi nina kikohozi, usije ukakirekodi.”

“Hapana, mama. Nimeandika maneno ambayo kila mtu atasomewa kabla ya kuulizwa. Naomba Ruti ayasikie kwanza.”

Akasoma: “Sisi ni wa chuo kikuu. Tunauliza habari za uzazi ili ijulikane zahanati ijengwe wapi. Utakayosema watayasikia Jenista na mwalimu wetu tu. Hayatasikilizishwa mtu mwingine.”

“Na nisipotaka?”

“Hilo sijaliandika.”

“Liandike.”

Akaandika palepale, karatasi juu ya goti: *Unaweza kukataa, hata kama umekwisha kusema.*

“Haya,” akasema Ruti. “Mimi nakataa.”

Osea akatoa mfukoni kanda yenye sauti ya Ruti, akaitupa kwenye moto.

“Wewe! Mwalimu wako atakufukuza!”

“Anifukuze.”

“Na mama yako?”

“Anataka ng’ombe wake. Nimemwambia, ng’ombe ni wako, mke ni wangu.”

Ruti akageuza uso, asionekane.

“Na Marita je?”

“Yeye nimekuja kumuuliza mwenyewe.”

Akamwita mtoto, akachuchumaa mbele yake.

“Marita, nataka tuishi pamoja, mimi na wewe na mama yako. Unaweza kukataa.”

Mtoto akamtazama bibi yake, akamtazama Ruti.

“Mama yangu yupi?”

Kijiji kizima kilikwisha kusikia, ila mtoto mwenyewe hakuna aliyemwambia. Mama yake Ruti akamkonyeza binti yake: sema.

“Mimi, mwanangu. Mama yako ni mimi.”

Marita akamshika bibi yake kanga.

“Haya. Lakini na mama huyu naye aje.”