Moto wa Yavar

Moto ulikuwa mkubwa, na pango lilikuwa baridi. Hilo ndilo Gohar aliloliona kwanza alipoinama kupita mlango wa pango alimoishi mama yake, mfuko wa pistachio mkononi na vumbi la njia ya Kerman mpaka kwenye nyusi. Kuni za mlozi mwitu zilikuwa zinapasuka ndani ya shimo la moto katikati ya sakafu, ndimi zinainuka kuelekea dari lililojaa masizi ya mababu, na bado pumzi yake ilimtoka puani ikiwa mvuke. Nje kulikuwa na jua la majira ya kuchipua, na mbuzi walikuwa wanarukaruka juu ya mwamba.

"Funga mlango, mwanangu," mama yake akasema. "Joto linatoka."

Gohar alitaka kuuliza joto lipi. Lakini alimtazama mama yake, Bibi Shahrbanu, akauweka mfuko chini. Mwanamke aliyekuwa akibeba kondoo mabegani alikuwa amebaki mifupa ndani ya gauni, na alipomkumbatia alihisi baridi yake ikipenya nguo. Mama akaketi, akamimina chai. Alimimina vikombe vitatu.

"Hiki cha tatu cha nani, mama?"

"Cha mwenye moto wake."

Gohar alijua moto ule ni wa nani. Siku moja ya baridi kali, miezi michache iliyopita, ndugu yake Yavar aliuwasha alfajiri kabla ya kutoka kuwatafuta mbuzi waliopotea, akasema kwa mzaha, "Mama, usiuache uzime. Nikirudi nitakuwa barafu." Theluji ikaanguka kabla ya adhuhuri. Siku ya tatu walimkuta chini ya jabali, amejikunja kama mtoto aliyelala, viatu vimeloa maji.

Kwao kuna desturi isiyovunjwa. Moto uliowashwa na mtu aliyekufa huzimwa siku ya saba kwa maziwa ya mbuzi, na mkono wa kuuzima ni wa dada yake. Usipozimwa, marehemu hudhani bado anangojwa. Gohar ni dada pekee, naye alikuwa mjini Kerman, barabara imezibwa na theluji. Majirani walisema mkono wowote wa jamaa ungetosha. Mama akakataa: angojwe Gohar. Wakangoja. Njia ilipofunguka na Gohar akatuma habari kwamba anakuja, mama alijibu kwamba hakuna haja tena, yeye na moto wake wamezoeana.

Sasa kijiji kizima kilikuwa kinafungasha kwenda malisho ya juu, kama kila mwaka. Punda walikuwa wamepakiwa mazulia, na milango ya mapango ilikuwa inafungwa mmoja mmoja. Bibi Shahrbanu hakuwa amefunga hata kifurushi.

"Watu wanahama keshokutwa, mama. Utabaki na nani?"

"Na Yavar."

Aliposema hivyo jua lilikuwa linatua, mwanga uliopenya nyufa za mlango ukawa mwekundu, halafu wa kijivu. Gohar akasikia harufu ya manyoya ya kondoo yaliyoloa, harufu ya theluji, ingawa theluji ilikuwa imeyeyuka zamani. Akatazama kikombe cha tatu. Juu ya chai palikuwa na utando mwembamba wa barafu. Kisha nje ya mlango mtu akakohoa, kama wakohoavyo watu wa kijiji wanapotaka kuingia, na sauti ikasema polepole, "Mama. Baridi."

Bibi Shahrbanu akatabasamu. Gohar hakuwahi kuona tabasamu la kuhuzunisha kama lile.

"Namweka mlangoni tu," alinong'ona mama. "Bado sijamwambia aingie. Nangoja watu waondoke, wasije wakanisumbua."

"Mama, huyo si Yavar."

"Wewe ulimzaa?"

Na nje ya mlango sauti ikacheka kidogo, kicheko kilekile cha puani. "Dada yupo? Mwambie Tisa wake amekuja."

Gohar akaziba masikio. Tisa lilikuwa jina alilompa mwenyewe, kumtania, tangu shoka lilipomkata Yavar kidole kidogo cha mguu wa kushoto akiwa mtoto, akabaki na vidole tisa.

* * *

Asubuhi alikwenda kwa Tuba, mwosha maiti wa kijiji, ambaye pia ndiye aliyeitwa pale mtu anapoguswa na waliotuzidi. Huko hawatamki neno jini. Husema waliotuzidi, na watu wanaporudi kutoka malishoni kila mmoja hukohoa mlangoni kwake kabla ya kuingia, ili waliokuwa wakikaa humo wapate nafasi ya kutoka. Tuba alikuwa anamfunga punda mzigo, huku akimtukana.

"Shangazi Tuba, mama anazungumza na kitu."

"Kijiji kizima kinajua. Tungefanya nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Tuba akaiacha kamba. "Nimewaosha wafu wa hapa tangu meno yangu yakiwa kamili, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamikia maji. Wafu wana adabu. Huyo aliyeko mlangoni kwenu ameona moto unaomngoja mtu, akaja kuukalia."

"Ana sauti yake. Analijua jina nililompa."

"Waliotuzidi huazima kila kitu, mwanangu. Sauti, sura, kicheko. Mguu hawawezi kuazima. Nguo ndefu hufunika, lakini chini ni kwato tu." Akamtazama Gohar usoni. "Umemwona mama yako? Kila jioni huyo wa mlangoni anamnyonya joto. Akimwambia ingia, hatafika malishoni wala popote. Ni wewe wa kuuzima, na ni leo."

Mama alikataa. Alikataa kwa matusi, kisha kwa machozi, kisha kwa kumshika binti yake miguu, jambo ambalo Gohar hakuweza kulistahimili, akaanguka naye sakafuni wakalia pamoja. Mwishowe ni mama aliyetoa neno.

"Mwageni majivu mlangoni. Mfungulieni aingie mara moja tu. Zikiwa kwato, nitahama nanyi, nami sitamtaja tena."

"Na ukiwa mguu wa mtu?" Gohar akauliza.

"Basi utakuwa umemzimia ndugu yako moto akiwa anaota. Nami sitakuwa na cha kuhamia."

Tuba akamvuta Gohar pembeni. Mzazi haruhusiwi kuona moto wa mwanawe ukifa, kwa hiyo Tuba angempeleka Bibi Shahrbanu pangoni kwake. Gohar angekuwa peke yake. "Fumba macho, na usimjibu," akasema. "Ukimtazama utamhurumia, na ukimhurumia hutayamwaga maziwa."

* * *

Jua lilipogusa ukingo wa bonde Gohar alikuwa ameketi kando ya moto, chungu cha maziwa mapajani, mlango wazi, na majivu yametandazwa kwenye kizingiti laini kama unga. Kijiji kilikuwa kimya. Hata punda walikuwa wamenyamaza. Akafumba macho. Harufu ikaja kwanza, manyoya na theluji, kisha kikohozi, kisha hakuna kitu kwa muda mrefu, hata akaanza kutumaini kwamba hatakuja, na ndipo baridi ilipoingia kwa chini, ikampanda vifundoni, ikampanda magotini, na akasikia kitu kikijishusha upande wa pili wa moto kwa mguno ule wa Yavar wa mtu aliyechoka kutembea, kikasogeza mikono karibu na makaa, kikasugua kiganja kwa kiganja, taratibu, kama ambavyo alikuwa akisugua kila jioni ya maisha yake.

"Dada. Umechelewa."

Aliambiwa asijibu. Akajibu. "Njia ilizibwa na theluji."

"Najua. Niliiona."

Machozi yalimpita kwenye kope zilizofumbwa, yakadondokea ndani ya maziwa.

"Mama amekonda," ikasema sauti. "Mwambie ale. Mimi nataka kuota miguu tu, dada, kisha niende. Nipe kidogo tu."

Ndivyo wasemavyo waliotuzidi, akajiambia, kidogo tu, kidogo tu, mpaka mama yake awe ganda lisilo na kitu ndani, na akaikumbuka mifupa aliyoikumbatia, na lile tabasamu, na punda wa kesho watakaoondoka bila mama, na kwa hofu na kwa mapenzi yale yale akakiinamisha chungu, na maziwa yakaingia motoni kwa mlio mkubwa, na mvuke wenye harufu ya kuungua ukampiga usoni.

Upande wa pili hakuna aliyepiga kelele. Sauti ilisema tu, "Aa," kama mtu aliyezimiwa taa kabla hajamaliza kula. Kisha pango likapata joto, joto la kawaida la jioni ya kuchipua, lililokuwa likingoja nje muda wote huo.

Gohar akawasha kandili, akaenda kwenye kizingiti kwa magoti.

Palikuwa na nyayo mbili katika majivu, zote zimeelekea ndani. Ule wa kulia ulikuwa mguu wa mwanamume, kisigino kipana, vidole vitano. Ule wa kushoto ulikuwa na vidole vinne, na pale penye nafasi ya kidole kidogo majivu yalikuwa laini, hayajaguswa.

Hakulia kwa sauti. Alikigusa kile kisigino kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo alikuwa yeye. Alikuwa ametembea kutoka kwenye jabali lile mpaka hapa, majira yote ya baridi, kwa sababu alingojwa. Na alimkuta dada yake, naye dada yake alimnyima miguu joto. Yaliyomwagika hayazoleki. Nje tayari alizisikia hatua za mama yake, na sauti ya Tuba ikimsihi asikimbie juu ya mawe.

Gohar akachukua ufagio.

Mama alipofika mlangoni majivu yalikuwa yamekusanywa pembeni. "Nini?" akauliza, akihema. "Sema. Ulikuwa nini?"

"Kwato, mama."

Bibi Shahrbanu akashika ukuta. Akatazama shimo la moto, maziwa yaliyoungua, halafu akaketi polepole palepale alipokuwa, akakifunika kichwa kwa mtandio wake. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Basi mwanangu amelala." Akalia kilio cha mazishi, kile ambacho hakukilia wakati ule theluji ilipokuwa imewafungia.

Tuba alisimama mlangoni. Aliutazama ufagio, akamtazama Gohar. Kisha akaenda kumsaidia Bibi Shahrbanu kufungasha.

* * *

Bibi Shahrbanu alihama na watu. Malishoni alinenepa, akaanza tena kugombana na majirani kuhusu maziwa ya nani yameganda vizuri. Kwenye simu alikuwa anacheka. Gohar alikuwa anacheka naye, kisha anaweka simu chini na kukaa jikoni kwake, ghorofa ya tatu, katikati ya Kerman.

Jiko lake la gesi lina ndimi nne za moto. Mmoja haukuzimwa tena.

"Gesi ni mto usiokauka?" mumewe, Mansur, alikuwa akiuliza. "Kila nikiamka jiko linawaka, na juu yake hakuna hata birika."

"Mazoea ya kwetu," alimjibu.

Kila usiku kabla ya kulala alinyunyiza unga kidogo mlangoni mwa jikoni, na kila alfajiri aliamka kabla ya Mansur ili autazame. Ulikuwa laini siku zote. Majani ya miti yakapukutika, naye akaanza kuuwekea moto ule kikombe cha chai.

Alfajiri ya theluji ya kwanza alisikia kikohozi. Alikuwa hata hajavaa ndara. Alisimama kwenye ujia, na kutoka gizani mwa jikoni sauti ya Yavar ikasema, "Dada. Tisa wako amekuja. Baridi."

Gohar akawasha taa. Jikoni hapakuwa na mtu. Katika unga palikuwa na alama mbili ndogo, za kina, kila moja imepasuka katikati kama ya mbuzi. Zilielekea ndani. Za kutoka hazikuwepo.

Alizitazama kwa muda. Alijua alichokuwa anakiona. Alikuwa mtoto wa kijiji kile. Kisha akapiga magoti, akaufuta unga kwa kiganja mpaka sakafu ikawa safi, akainuka na kuwasha ulimi wa pili wa jiko.

"Ota, ndugu yangu," akasema, na pumzi ikamtoka ikiwa mvuke. "Ota miguu yako."