Hewa ya Chumba cha Chiriku

Kila asubuhi Bi Vumbi alipanda juu ya paa la ofisi yao. Huko palikuwa na mashine inayovuta hewa. Ndani yake alitia karatasi nyeupe ya kuchujia. Kesho yake aliitoa, nayo imegeuka rangi ya majivu. Aliipima kwenye mizani ndogo, akajua hewa ya mji ilibeba uchafu kiasi gani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa mwanasayansi wa hewa, na aliisomea miaka mingi, mpaka ng'ambo. Majirani waliona kichekesho. "Wenzake wanafagia vumbi, yeye anapanda juu kulitafuta!" Basi wakampa jina la Bi Vumbi. Hakukasirika. Hata mumewe, fundi wa cherehani, alimwita hivyo akitaka kumtania.

Jioni, akirudi nyumbani, utani uliisha. Kando ya sebule kulikuwa na chumba kidogo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, lakini hakikulaliwa. Ukutani yalining'inia magauni matatu aliyoyashona fundi. Mawili yalikuwa yameshakuwa mafupi kabla ya kuvaliwa. Kilikuwa chumba cha binti yao wa pekee. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Chiriku aliishi mbali na mji, kwa bibi yake, mama wa fundi. Alikuwa na pumu. Kwa bibi alikimbia na kucheka kutwa. Lakini kila alipokuja likizo ya chekechea kwa wazazi wake, hazikupita siku nyingi akaanza kukohoa. Kifua kilibana na kupiga filimbi. Walimkimbiza zahanati, akapewa dawa ya kuvuta, kisha wakamrudisha kwa bibi kabla likizo haijaisha. Ilikuwa hivyo miaka mitatu.

Bi Vumbi alimkumbuka mtoto wake mno. Tusifiche: alilia. Alilia kule kule juu ya paa, pasipo na mtu wa kumuuliza una nini. Akiona mtoto wa mwenzake ameshikwa mkono barabarani, aligeuza uso.

"Ni hewa ya mji huu," alimwambia mumewe. "Magari, na taka zinazochomwa ovyo. Naipima kila siku, naijua."

"Na humu ndani je?" aliuliza fundi.

"Humu nilipima mwaka jana, Chiriku akiwa kwa mama. Palikuwa safi."

Basi wakakata shauri. Chiriku aje likizo hii. Akiugua tena, ataandikishwa darasa la kwanza kule kwa bibi, na huko ndiko kutakuwa kwao. Bibi alishazungumza na mwalimu. Siku ile fundi alishona suruali ya mteja akaziba mifuko yote miwili. Mteja alikuja juu, lakini alipouona uso wa fundi aliiacha irekebishwe.

Likizo ikafika. Fundi alikiandaa chumba mwenyewe. Alisugua sakafu. Alifunga madirisha, akachukua mabaki ya vitambaa akaziba kila ufa. "Vumbi la barabarani halitamgusa mwanangu," alisema.

Chiriku aliingia akiwa ameshaanza kusema tangu mlangoni. "Mama, nimeng'oka jino, ona! Baba, mbona ndevu zako zina nyeupe? Nani amekutia unga?"

"Ni wewe umenizeesha," alisema fundi, akambeba juu.

Siku iliyofuata Bi Vumbi alirudi kutoka kazini na mashine ndogo, kiasi cha kopo la maziwa. Kesho asubuhi alitakiwa kuipeleka kwenye shule moja. Chiriku aliikumbatia.

"Inafanya nini?"

"Inahesabu uchafu ulio hewani. Mdogo sana, macho hayauoni."

"Basi ihesabu wa chumbani kwangu!"

Ni mama gani angemkatalia? Akaiweka juu ya kigoda, karibu na kitanda. Namba ikasoma ishirini na kidogo.

"Safi," alisema Bi Vumbi. Wakaenda kula.

Baada ya kula, fundi alitangulia kuandaa kitanda. Alitoka akafunga mlango. Muda si mrefu Bi Vumbi alimpeleka mtoto kulala. Akaitazama mashine. Ilikuwa imepita mia tano, na bado ilipanda.

"Imeharibika," alinung'unika. Akaitoa barazani. Namba ikashuka. Akairudisha chumbani. Ikapanda. Akatoka, akaingia, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Umepotelewa na nini?" aliuliza fundi.

"Namba hii sijaiona hata barabara kuu, saa ya msongamano."

Akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Palikuwa na dawa mbili za mbu, zile za kuchoma zilizojiviringa kama konokono. Zilikuwa zinafuka moshi mwembamba, taratibu. Harufu yake alishaizoea; jioni mtaa mzima ulinuka hivyo.

"Baba Chiriku, hizi unawasha kila siku?"

"Hapana. Akija Chiriku tu. Sisi mbu watuume, ngozi zimekomaa. Mwanangu asiguswe."

Bi Vumbi akakaa sakafuni pale pale. "Nilipima nyumba isiyo na mtoto," alisema. "Akiwa hayupo, na moshi haupo."

Fundi alielewa. "Kumbe ni mimi? Mimi ndiye ninayemfukuza mtoto wangu?"

"Ni sisi. Wewe hukusomea moshi, mimi nimesomea. Mganga hajigangi."

Wakazima zile dawa. Wakachomoa vitambaa kwenye nyufa, wakafungua dirisha. Chiriku akalazwa sebuleni.

"Lakini huu ni moshi kiduchu tu," alisema fundi. "Jiko la mama linamtoa mtu machozi, na mtoto haugui."

"Mama anapikia wapi?"

"Uani, nje."

"Na Chiriku analala vipi kule?"

Chiriku hakuwa amelala. "Ndani ya chandarua!" alidakia. "Na dirisha wazi! Bibi anasema joto la chumbani linamkosesha pumzi."

"Umesikia?" alisema Bi Vumbi. "Moshi wa nje unapeperuka. Nao si mzuri, mama asiukalie karibu. Lakini huu wetu tumeufungia na mtoto chumba kimoja. Vumbi kubwa, pua inalizuia, unapiga chafya linatoka. Chembe za moshi ni ndogo mno. Zinapita puani, zinapita kooni, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Zinamdhuru hata mtu mzima. Mwenye pumu ndiye anayebanwa kifua zaidi."

"Na mbu? Mbu analeta malaria. Nimwache amle?"

"Hapana, hapo umesema kweli. Tumzuie bila moto. Chandarua chenye dawa kitandani. Wavu dirishani. Maji yaliyotuama tuyamwage."

"Wavu dirishani?" Fundi aliinuka. Kwa mara ya kwanza jioni ile uso ulimkunjuka. "Hilo niachie mimi."

Asubuhi alishona nyavu za madirisha yote, akazitia na pindo. Bi Vumbi akampangia utaratibu. Barabara ikiwa tulivu, madirisha wazi. Msongamano ukianza, wafunge. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Alimwendea pia jirani aliyekuwa akichoma taka karibu na ukuta wao.

"Bi Vumbi leo unakimbia vumbi?" alicheka jirani. Lakini taka alizihamisha, akaacha kuzichoma.

Walimpeleka Chiriku zahanati pia. "Nyavu ni jambo jema," daktari aliwaambia, "lakini dawa msiache. Mpeni kama nilivyoeleza. Akizidiwa, mje mara moja."

Ofisini Bi Vumbi aliwaambia wenzake: "Tumezoea kupima paa na barabara. Sasa tupime na nyumba, zikiwa na watu wake. Wamepika, wamewasha, wamefunga milango. Hapo ndipo tutajua wanavuta nini." Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya miaka iliyofuata, nyumba kwa nyumba.

Siku ya tatu tangu nyavu zifungwe, Chiriku alikohoa. Wazazi wake walitazamana, chakula kikawashinda. Kumbe alipaliwa na maji, kwa kunywa huku anasema. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Likizo ikaisha, na mtoto akaandikishwa shule iliyokuwa mtaa wa pili.

Jioni ya siku ya kwanza ya shule, bibi alipiga simu.

"Anakula?" aliuliza.

"Anakula, mama," alisema Bi Vumbi. "Na anasema kuliko redio."

Bibi alicheka kidogo.

"Huku kumekuwa kimya," alisema. "Jana nimepika, nikapakua sahani mbili."

Ukiwa huo Bi Vumbi aliujua vizuri. Aliubeba miaka mitatu, na leo umemhamia mama yake mkwe, yule yule aliyemlelea mtoto akapona.

"Mama, njoo ukae nasi," alisema.

"Na mbuzi wangu nimwachie nani?"

"Njoo hata mwezi mmoja tu."

Chiriku akamnyang'anya mama yake simu. "Bibi, njoo! Kitanda changu kikubwa. Nakuachia upande wa ukutani, usianguke."

"Haya, mjukuu wangu," alisema bibi. "Nakuja."

Alisema na mengine, lakini Bi Vumbi hakuyasikia, maana bibi alikuwa analia, na Chiriku alikuwa anaongea.